Kidonge Kilichochukua Zamu ya Matone

Kabla sisi wanawe hatujajua kwamba mamangu anapoteza macho, majirani zake wa Likoni walikuwa wameshakata shauri kwamba ameanza maringo.

Mwanamke wa nyumba ya pili, ambaye ameombana chumvi na makaa na mamangu tangu mimi sijui kusoma, alinisimamisha karibu na lango letu siku chache baada ya Idd, nilipokwenda kumtazama mama. Uso ameukunja. Akaniambia alikutana na mamangu njiani, akamtolea salamu, akamnyoshea mkono, na mamangu akampita. Mkono ukabaki hewani na watu wanatazama.

"Mimi na mamako si wa jana," akasema. "Kama kuna neno nimemkosea, na aniite anambie. Lakini kunipita vile, mbele ya wale vijana wa bodaboda, wallahi sikulitaraji."

Nilikasirika, na niliyemkasirikia kwanza ni yeye. Kwetu mtu akiacha kuitikia salamu, habari yake huzungumzwa hadi kwenye mikeka ya matanga, na mamangu ndiye mtu aliyetufinya mapaja utotoni kila tulipomsahau mkubwa bila shikamoo. Nikamwambia jirani labda alimfananisha. Akanitazama kwa huruma kidogo, akasema hawezi kumfananisha mtu anayemjua hata kwa kikohozi.

Mwingine angeliacha hapo. Mimi siachi. Kazi yangu, kule Changamwe, ni kukagua mishono ya suruali kabla hazijafungwa kwenye maboksi kupelekwa nje, na wenzangu husema nikiona uzi umelegea hufurahi kama mtu aliyeitiwa pilau. Si furaha. Ni kwamba kitu kibovu kikinipita na nikakinyamazia, siku yangu nzima huharibika. Hata uongo mdogo wa adabu, ule wa kumwambia mtu nguo imemkaa vizuri, hunishinda. Nikavua viatu, nikaingia ndani na swali langu.

Mamangu alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mlango wa uani, anashona kofia. Ni zile kofia nyeupe za mkono, zenye vitundu vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka vitoe maua. Kofia hizo ndizo zilizotulea tangu baba alipofariki. Kofia moja humchukua majuma mengi, na hakubali kuharakishwa hata na bwana harusi mwenyewe.

"Mama, mbona umempita jirani hukumwitikia?"

"Nani kampita nani?"

Nikamweleza. Akaiweka kofia mapajani na kufikiri.

"Sikumuona," akasema.

"Alikuwa ubavuni mwako. Alikupa mkono."

"N'shakwambia sikumuona. Nilisikia sauti, na zile pikipiki zapiga kelele, nikajua ni mtu asalimiana na mwenziwe. Kwani nimuone kisha nimwache? Mimi?"

Kisha akafanya lile jambo lake. Kila macho yake yalipotajwa alilifanya, iwe kuna wageni au hakuna. Alichomoa sindano, akakata uzi mpya, akalamba ncha yake, akainua mkono kwenye mwanga wa mlango na kuupitisha uzi tunduni kwa mara moja. Akanionyesha, midomo ameikaza kwa ushindi.

"Haya. Nani kipofu hapa?"

Sindano ile ilitudanganya muda mrefu, nami naichukia mpaka leo. Katika ukoo wetu ilikuwa kama mchezo wa Idd. Shangazi akija kuuliza habari za macho, mama hutia uzi na watu hucheka. Siku ya kurudi kliniki ikifika, mama hutia uzi, na sote tunaona hakuna haja ya kuvuka feri na kwenda kushinda kwenye mabenchi. Kakangu alikuwa akisema mamangu anaona kuliko sisi tuliosoma. Hakuna mtihani tuliouamini kama ule.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa na jina tangu miaka kadhaa nyuma. Daktari wa macho alisema ni glaukoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho. Maji yaliyo ndani ya jicho husukuma kupita kiasi, na msukumo ule huua polepole mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Hauumi wala hautoi machozi, na sehemu iliyokufa hairudi. Mama alipewa dawa ya matone, atie asubuhi na jioni maisha yake yote, si kwa kuponya bali kwa kulinda kilichobaki.

Hayo tuliambiwa. Ambalo hatukuambiwa, au tuliambiwa haraka wakati tunakusanya mikoba na mgonjwa mwingine ameshaingia mlangoni, ni kwamba ugonjwa huu huanza kula pembeni. Katikati huacha mpaka mwisho. Mtu anaweza kutia uzi kwenye sindano na asiuone mkono wa jirani unaomjia kutoka ubavuni. Kwa hiyo sisi, na akili zetu zote, tulikuwa tukimpima mamangu mahali ambapo ugonjwa ulikuwa bado haujafika.

Baadaye kliniki nyingine, katika jengo jingine kabisa, ilimkuta na mafuta mengi kwenye damu, kolesteroli, ikampa kidonge cha kumeza kila usiku. Yule wa macho hakujua habari za kidonge. Yule wa kidonge hakujua habari za matone. Mamangu alitembea na dawa zote mbili katika mkoba mmoja, na hapo ndipo zilipokutana.

Siku ile nilipomaliza kuitazama sindano nilikwenda jikoni kunywa maji. Nilifungua friji. Nyuma ya jagi la maji ya ukwaju kulikuwa na visanduku vya dawa ya macho, vimepangwa vizuri, kimoja nyuma ya mwenziwe. Matone huwa anayanunua kakangu, anayafunga kwenye bahasha na kuyatuma kila mara bila kukosa, na hilo namsifu. Nikachukua kisanduku cha kwanza. Hakijafunguliwa. Cha pili vilevile. Cha nyuma kabisa muda wake ulikuwa umeshapita.

Nilirudi uani nimevikumbatia.

"Mama, hivi ni nini?"

"Si ndiyo dawa yangu hiyo."

"Naona ni dawa yako. Mbona haijafunguliwa?"

Akashona kitundu kimoja chote, mzunguko mzima, ndipo akasema, "Hiyo n'liiwacha."

"Tangu lini?"

"Tangu Ramadhani."

"Hii iliyokwisha juzi?"

"Ile ya mwaka jana."

Nikasema mengi mno, kwa sauti ambayo mtoto hamwinulii mamake, na yeye akaniacha nimalize. Alikuwa na maelezo yake, na kwa kweli yalikuwa yamepangika kuliko ghadhabu zangu.

Alisema matone yale yakiingia jichoni hayakai jichoni. Baada ya muda mfupi huyaonja kooni, machungu kama maji ya mwarobaini. Miezi mingine alivumilia. Lakini Ramadhani, baada ya kula daku na kunuia, jua limeshachomoza, yeye atie matone na kuyaonja kooni, atasema amefunga? Na zile siku, kama zimeharibika, atazilipa lini?

"Mimi si mtoto," akaniambia. "Siku za kulipa ni deni la Mwenyezi Mungu. Nikifa nazo, nani atanilipia? Wewe, na hasira zako?"

"Na baada ya Ramadhani?"

"Baada ya Ramadhani nilikuwa na kidonge."

"Kidonge gani?"

"Cha mafuta. Kakako alisema chafaa na macho. Na kidonge ni cha usiku, hakigusi saumu ya mtu. Nikaona Mungu amenifungulia. Nikajipima kwa sindano, uzi ukapita. Nikangoja mwezi wa pili, ukapita. Basi nikajua kidonge chafanya kazi."

Akasema hivyo bila kutetemeka, kama fundi anayeeleza alivyoziba paa. Alikuwa amefanya jaribio lake, akapata jibu lake. Na jibu lilikuwa baya kwa sababu sindano ilikuwa mizani mbovu, mizani tuliyompigia makofi sisi wenyewe.

Akanipa simu yake nisikilize. Ujumbe wa sauti wa kakangu alikuwa ameuweka mahali pake, kwani sauti ya mwanawe wa kiume huisikiliza hata akiwa hana haja ya habari yenyewe. Kakangu ni mtu wa ofisi bandarini, anakaa Kiembeni kwenye nyumba yenye ukuta na maua, na akizungumza na mama hutumia sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Mama, shikamoo. Nimesoma mahali, mama, watafiti wamegundua kwamba hivi vidonge vya kolesteroli ni kinga ya macho pia. Watu wanaovitumia, glaukoma yao inakwenda polepole. Kwa hivyo usiviache, mama. Vinakusaidia moyo na macho. Mwenyezi Mungu akulinde."

Nilimpigia hapo hapo. Alikuja Jumapili na tikiti maji na kofia kichwani, kofia aliyoshonewa na mama Idd iliyotangulia. Akambusu mama mkono. Mimi nilimngoja uani, nikampa kisanduku kilichopitwa na muda hata kabla hajaketi.

"Umeona kazi yako?"

Akakigeuza geuza. Akakusanya mambo kichwani, na rangi ikambadilika. Lakini mtu wa ofisi ni mtu wa ofisi.

"Mimi sikumwambia aache matone," akasema.

"Ulimwambia kidonge ni kinga."

"Nilimwambia asiache kidonge. Sikiliza tena. Neno matone halimo kabisa."

Na kweli halimo. Hilo ndilo lililonichoma. Laiti angekuwa amesema uongo ningemmaliza pale pale na roho yangu ingepoa. Akatoa simu yake kunionyesha alikosoma. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa, chenye furaha, na chini yake picha ya jicho. Nikaisukuma habari kwa kidole kwenda chini, kupita mahali ambapo yeye hakufika. Kule chini ilisema wapo watafiti wengine waliotafuta na hawakuona tofauti yoyote, na kwamba hakuna anayepaswa kuacha dawa yake ya macho.

"Ulisoma mpaka huku?"

"Nilisoma mwanzo. Nilikuwa kazini."

"Ulikuwa kazini! Na wewe ukimletea mkubwa wako karatasi umesoma mwanzo tu, unabaki na hiyo kazi?"

"Usinipigie kelele. Mbona wewe hukujua? Wewe ndiye uliye karibu."

"Karibu gani? Kutoka Kisauni ninakokaa hadi Likoni?"

Tulitupiana maneno mpaka mama akagonga mkasi kwenye sinia. Akatuambia kama tumekuja kugombana tukagombanie barabarani, tikiti liachwe. Kakangu akaketi, amekikumbatia kile kisanduku. Nilimuona amevua kofia na kuiangalia ndani, ule mshono wa ndani ambao mama huufanya kwa uzi mwembamba zaidi. Sikumwonea huruma. Baadaye nilimwonea, lakini siku ile hapana.

Maneno yakishatoka ndani ya nyumba hayana mwenyewe. Jirani aliposikia kwamba kumbe ni macho, alikuja mbio kuomba radhi, akalia, akamshika mama mikono yote miwili. Kisha akatuletea neno jipya. Amesikia kwa watu kwamba vidonge vya mafuta ndivyo vinavyoharibu macho, na mama aviache upesi kabla hajamalizika. Sasa mama naye akawa anakitazama kidonge kwa jicho baya. Usiku wa kwanza nililala kwake, akaniambia amekimeza, na asubuhi nikakikuta chini ya mto. Nikaona tutazikwa sote na habari za kusikia. Kidonge kile kile, nyumba ile ile, juzi kilikuwa dawa ya macho na leo kimekuwa sumu ya macho, na hakuna aliyemuuliza mtu anayejua.

Tulikwenda kliniki ya macho, mimi na mama. Kakangu alitaka kuja, nikamwambia abaki kazini asome.

Kwanza walimpima kwa mashine. Anaweka kidevu kwenye kiegemeo, jicho moja linafunikwa, anatazama mbele ndani ya bakuli jeupe, na ndani yake taa ndogo humulika hapa na pale. Kila akiona taa abonyeze kitufe. Aliambiwa asizungushe jicho kutafuta. Mimi niliketi nyuma yake kwenye chumba chenye giza. Taa sikuziona, nilisikia kitufe tu. Kwa jicho la kulia kitufe kilikwenda vizuri, kikibofyeka na kunyamaza kidogo na kubofyeka tena. Jicho la kushoto likaja. Kitufe kikabofyeka, kikanyamaza. Kikanyamaza sana. Nikafikiri mama amesinzia. Nikataka kumgusa bega, mpimaji akanizuia kwa mkono.

Mama alitoka pale ameridhika.

"Hilo la kushoto walinionea huruma," akaniambia. "Taa zake zilikuwa chache."

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa bara, mpole, mwenye macho ya kuchoka. Alimwamkia mama shikamoo kabla ya kuketi, nikampa alama moja kwa hilo. Akaitazama picha iliyotoka kwenye mashine. Upande wa kushoto wa jicho la kushoto ulikuwa mweusi mpaka karibu na katikati.

"Taa zilikuwa sawasawa kwa macho yote mawili, mama," akasema taratibu. "Nyingine hukuziona."

Mama akaushika ukingo wa buibui lake na kuukunja.

Nikaeleza yote. Saumu, matone, kidonge, sindano. Kisha nikauliza lile lililonileta, na nililiuliza kwa ukali, kama daktari ndiye aliyelificha.

"Nataka kujua jambo moja. Hiki kidonge cha kolesteroli, kinazuia glaukoma au kinaiongeza?"

Alilisogeza faili pembeni.

"Hakuna uthibitisho kwamba kinaiongeza," akasema. "Hilo la jirani liacheni. Kuhusu kuzuia, watafiti wengine wamewafuatilia watu wanaokimeza na ikaonekana kama glaukoma yao inaenda polepole kidogo. Wengine wamefuatilia, hawakuona kitu. Na hata pale ilipoonekana, hatujui kama ni kidonge au ni kwa vile watu hao huenda hospitali mara kwa mara na kujitunza. Kwa hiyo jibu la kweli ni kwamba bado hatujui."

"Hamjui."

"Hatujui. Kidonge ni cha moyo na mishipa ya damu, na kwa hilo mama akimeze, asikiache. Kwa jicho, tunachokijua ni kushusha ile presha ya ndani. Kwa mama, kazi hiyo ni ya matone. Kidonge hakiwezi kuyashikia zamu."

Nilikuwa nimekuja nikitaka mtu wa kumlaumu. Kama kidonge kingekuwa sumu, ningemlaumu aliyekiandika. Kama habari ya kakangu ingekuwa uzushi mtupu, ningemlaumu yeye kwa raha zangu. Nikapewa "bado hatujui", neno la kweli, na neno la kweli halipigiki ngumi. Nilihisi hasira imejaa kifuani na haina pa kwenda.

Kisha akaipa pa kwenda.

"Yale machungu kooni," akamwambia mama, "yanazuilika." Akainuka, akaja mbele yake, akaweka kidole kwenye pembe ya jicho, pale panapokutana na pua. "Ukishatia tone, fumba jicho, halafu bonyeza hapa pole pole kwa muda kidogo. Pana kijitundu kinachopeleka maji puani na kooni. Ukikibana, dawa inabaki jichoni. Na siku za Ramadhani tia kabla ya alfajiri ukimaliza daku, na ya pili baada ya kufuturu. Inabaki asubuhi na jioni vilevile."

Nilimtazama. "Basi?"

"Ndiyo. Basi."

"Kidole? Kidole kimoja?"

Hapo nilisahau kwamba chumba kile kilikuwa na watu nje wanaosikia. Nilimuuliza mamangu amekuja hapa mara ngapi miaka ile yote, na ni nani aliyewahi kumwonyesha kidole. Nilimuuliza hii Mombasa, Likoni hii, watu mitaa kwa mitaa wanafunga mwezi mzima kila mwaka, na wao wanawapa matone ya asubuhi na jioni, je, hakuna hata mmoja kati ya wote waliovaa koti jeupe aliyejiuliza hawa watu Ramadhani wanafanyaje? Mkisema asubuhi, mnajua asubuhi ya nani? Nilimwambia mamangu hakupotezwa na kidonge wala na saumu. Amepotezwa na watu walioona taabu kusema sentensi mbili.

Daktari hakunikatiza. Nilipoishiwa pumzi akasema, "Una haki ya kukasirika."

Nami hilo likanikera zaidi. Sikutaka haki. Nilitaka upande wa kushoto wa mamangu.

"Utarudi?" mama akauliza ghafla. Hakuniuliza mimi, alimuuliza daktari. "Ulio mweusi, nikitia sasa dawa, utarudi?"

"Hautarudi, mama. Ila tukiwahi, uliobaki tunaweza kuulinda."

"Alhamdulillahi," akasema mamangu, akainuka, akatafuta mlango. Bega lake la kushoto likagonga mwimo wa mlango, pigo moja, si kubwa. Nikakumbuka kwamba nyumbani lile bega lilikuwa limegonga miimo ya milango mwaka mzima, na sote tulikuwa tukimwambia apunguze haraka.

Sasa zamu za matone tumegawana. Kakangu huvuka kutoka kazini siku zake, anafika na suti yake, anapiga magoti mkekani na kutia tone huku ameshikilia pumzi. Asubuhi jirani ndiye anayekuja. Huyo siku hizi hatoi salamu kutoka ubavuni. Humzunguka mamangu, husimama mbele yake kabisa, huushika mkono wake ndipo asalimu, na ole wake mpita njia atakayefanya vingine. Amewafundisha hata wale vijana wa bodaboda. Kidonge mama humeza usiku, kwa ajili ya moyo wake, na hakipewi tena kazi ambayo si yake.

Jioni zangu huja moja kwa moja kutoka Changamwe. Hasira haijaniisha, nami nawaomba watu wasinishauri niiache. Inanifaa. Ndiyo inayonivusha feri nikiwa nimechoka. Kila mgonjwa wa macho ninayemjua nimemshika kidevu na kumwonyesha kidole, wengine sokoni, mbele za watu, na mmoja alidhani nimerukwa na akili.

Juma lililopita niliwahi kufika. Jirani alikuwa ukumbini, akanifungulia na kunisalimu kwa sauti, na mama alikuwa mahali pake karibu na mlango wa uani, na kofia mpya. Nilikuwa nimechoka sana siku ile, nimegombana na watu kazini kutwa. Sikutaka kumkatiza, kwa kuwa alikuwa katikati ya ua. Nikaketi mkekani, ubavuni mwake, karibu kiasi cha goti langu kukaribia lake. Nikamtazama akishona. Alimaliza ua, akaanza jingine. Mikono yake haijapotea, inazunguka kitundu bila kusita, na vitundu vyote vimelingana. Nilivikagua, siwezi kujizuia. Sikupata kasoro.

Adhana ya magharibi ikakaribia, wakati wa matone. Mama akaweka kofia chini. Akainua kichwa, akakielekeza jikoni, na akaniita jina langu kwa sauti kubwa, ile ya kumwita mtu aliye mbali.

Nilikuwa ubavuni mwake wa kushoto. Ningeweza kumgusa.

"Abee, mama," nikaitika polepole.

Akashtuka mpaka sindano ikamwanguka. Akageuka mwili mzima, akanitafuta, akaniona. Mkono wake ukaja ukanigusa goti.

"Kumbe uko hapa! Tangu saa ngapi?"

Nilimtazama machoni, mimi nisiyeweza kuacha kitu kibovu kinipite.

"Ndio kwanza nimeketi," nikamwambia, na nikachukua chupa ya dawa.